Uliza Gereji: Kwani dereva wa pili kule Bathurst ni deiwaka?

Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu kuhusu Bathurst 1000, ile mbio ndefu ya Australia ya mwezi wa kumi, nikadhani imepita. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua nilizopata ni nyingi kuliko zile za oili ya gia boksi, kwa hiyo leo gereji yote tunahamia kule mlimani inakopigwa mbio hiyo, wenye Noah zinazochemsha mtanisamehe, mwezi ujao zamu yenu.

SWALI: Kaka, mimi ni deiwaka, gari ya Mbagala–Kariakoo. Dereva mwenyewe akichoka mchana jua likiwaka ndio napewa usukani, jioni abiria wakijaa ananyang'anya. Sasa umeandika kwamba Bathurst kila gari ina madereva wawili, mmoja ndio mwenye namba na mwingine anaazimwa kwa siku ile. Mbona kama maisha yangu? Huyo wa pili wanamtoa wapi? Manake mlima ule nimeuona kwenye simu, sio sehemu ya kumpa mtu anayejifunza. Halafu kuna mtu kijiweni anasema chipukizi wana mbio yao ndefu hapo hapo, ni kweli? Historia yake ikoje?

JIBU: Kaka umenichekesha, halafu nikakaa nikafikiria nikaona mbona ni kweli kabisa, yule ni deiwaka. Tofauti yake na wewe ni kwamba yeye sheria inamlinda.

Zamani haikuwa lazima muwe wawili. Mbio yenyewe ilianza 1960, na haikuanzia Bathurst, ilianzia Phillip Island kule Victoria, ikiitwa Armstrong 500 kwa sababu mdhamini alikuwa Armstrong, watengeneza shokapu. Maili 500 na magari ya kawaida kabisa ya dukani, waliotoka wa kwanza walikuwa na Vauxhall Cresta, gari la mzee wa kanisa. Ile 500 ikawapiga barabara ya Phillip Island mpaka 1962 ikawa imechakaa, 1963 wakahamia Mount Panorama, Bathurst, jimbo la New South Wales, hawajatoka mpaka leo.

Enzi hizo ukijiona ngangari unaendesha mwenyewe mwanzo mwisho. Allan Moffat alishinda 1970 na 1971 akiwa peke yake ndani ya Ford Falcon, na hiyo ya 1971 alikimbia na boksi la bia limeng'ang'ania kwenye grili mbele ya rejeta, injini haikuchemka, akashinda hivyo hivyo. Mwaka 1972 Peter Brock naye akashinda peke yake, kwenye mvua, na kigari kidogo cha Holden Torana. Ndio ikawa mwisho wa mambo hayo. 1973 wakarefusha mbio kutoka maili 500 kwenda kilomita 1000, wakasema kila gari lazima madereva wawili. Piga picha Dar mpaka karibu na Mwanza kwa saa sita na ushee, ndani ya gari ambalo joto lake ni kama umekaa juu ya jiko.

Hapo kiti cha pili kikawa cha lazima, na watu wakaanza kukifanyia ujanja. Wenye hela waliita mabingwa wa Ulaya, 1977 Moffat alimleta Jacky Ickx wakashinda. Wengine wakachukua mastaa wawili wa timu moja wakawaweka gari moja, wale wengine wote wakabaki kulia tu. Craig Lowndes na Jamie Whincup walifanya hivyo wakashinda 2006, 2007 na 2008 mfululizo. Si ndio kuanzia 2010 ikaja sheria, madereva wawili wa msimu mzima, yaani wale wanaokimbia mbio zote za ligi kuu ya Australia, Supercars, hawaruhusiwi kukaa gari moja. Nadhani hii ndio sheria iliyobadilisha maisha ya chipukizi kuliko zote, ingawa watu hawaitaji sana, manake ghafla kila timu ikawa inatafuta deiwaka mzuri, na madeiwaka wazuri wako aina mbili tu: wazee waliostaafu na vijana wenye njaa.

Wazee unawajua. Garth Tander aliacha msimu mzima mwisho wa 2018, akabaki wa kuazimwa, na kwa kuazimwa huko huko akashinda 2020, 2022, na tena 2025 akiwa na kijana Matthew Payne. Kwa hiyo kaka usidharau kazi yako.

Sasa vijana ndio tunaingia kwenye swali lako. Kuna ligi ya pili chini ya ligi kuu, ilianza mwaka 2000, imebadilisha majina kama mtu anayekimbia madeni: ilikuwa Konica, ikaja Fujitsu, ikaja Dunlop Series, siku hizi ni Super2. Magari yake ni mtumba. Simaanishi mabovu, namaanisha timu za ligi kuu zikibadilisha gari lile la zamani linashuka kwa vijana, V8 ile ile, gia zile zile, uzito ule ule wa kukutoa jasho. (Na V8 hapa sio ile ya waheshimiwa yenye vioo vyeusi, hizi ni gari za saluni zilizokatwa ndani kila kitu zikabaki chuma na kiti kimoja.) Wanazunguka kwenye wikiendi zile zile za wakubwa, viwanja vile vile, mabosi wanawaona kwa macho.

Kawaida vijana wanakimbia mbio fupi fupi. Ila miaka ya 2010 pale Bathurst waliwawekea mbio moja ndefu, Bathurst 250, ilikuwa inapigwa siku moja kabla ya ile kubwa. Mzunguko wa mlima ni kilomita 6.213, zidisha mara 40 unapata karibu 250, kama kutoka Dar ukaipita Morogoro. Dereva mmoja, hakuna wa kupokezana, na lazima uingie pit katikati, yaani pale pembeni kwa mafundi.

Mtu atasema kilomita 250 ni nini mbele ya 1000. Mimi nasema ni shule nzima. Kwenye mbio fupi kijana anajua kitu kimoja tu, kanyaga. Tairi zikiisha bendera imeshapigwa, breki zikichoka nazo basi yameisha. Ukimpa 250 ndio anagundua kumbe tairi alizoziunguza mzunguko wa tano anazidai mzunguko wa kumi na nane, kumbe mafuta yanapangwa, kumbe sefti kaa, lile gari la usalama linalowapunguza wote mwendo ikitokea ajali, ikitoka ukiwa umeshapita mlango wa pit hesabu zako zote za asubuhi zimekufa. Na kuingia pit penyewe ni somo, usimame pale pale kwenye alama, mafundi wanarukia, usizime gari, usitoke na bomba la mafuta. Vitu hivyo hufundishwi na mtu kwa maneno.

Kwenye hiyo hesabu ya mafuta hata mabingwa wanaumbuka. 2014 Whincup alikuwa anaongoza ile 1000, timu inamwambia kwenye redio punguza, okoa mafuta, yeye anakanyaga, mzunguko wa mwisho kabisa gari likaanza kukata. Chaz Mostert akampita akashinda, kijana aliyepitia ligi hii hii ya pili, na gari lao yeye na Paul Morris lilianzia nafasi ya mwisho kabisa kwenye gridi!

Waliotoka kwenye ligi hiyo ya chini wakaja kushinda ile kubwa ni foleni. Mark Winterbottom bingwa wa vijana 2003, akashinda Bathurst 2013. Paul Dumbrell alichukua ubingwa wa chini 2002, akashinda Bathurst 2012 kwenye kiti cha pili cha Whincup, halafu jamaa akarudi tena akachukua ubingwa wa chini 2014, watu wakanuna wakasema mtu mzima anawanyang'anya watoto pipi. Scott McLaughlin bingwa 2012, Bathurst 2019. Todd Hazelwood huyu ndio mfano wako hasa, bingwa wa Super2 2017, akapanda ligi kuu, mambo yakawa magumu, akakosa kiti cha kudumu, akarudi kuwa deiwaka, na 2024 akashinda Bathurst pamoja na Brodie Kostecki. Na Jonathon Webb, bingwa wa vijana 2009, 2016 alikuwa kwenye kiti cha pili cha Will Davison, Whincup akapita mstari wa kwanza lakini akawa na adhabu ya sekunde 15, ushindi ukawaangukia wao. Huyo Webb timu ilikuwa yake mwenyewe. Yaani deiwaka ndio tajiri wa gari, hiyo Mbagala umeshaiona?

Nilisema sheria inamlinda. Dereva wa pili lazima aendeshe si chini ya mizunguko 54 kati ya 161, theluthi moja, kwa hiyo timu haiwezi kumficha. Ukimleta mbovu mlima utamuonyesha mbele ya nchi nzima. Ndio maana mabosi walikuwa wanaiangalia ile 250 kama mtihani, wanatafuta kijana anayerudisha gari lina vioo vyote viwili vya pembeni.

Sasa hivi hiyo mbio ndefu haipo, vijana wamerudishiwa mbio mbili fupi pale pale mlimani. Najua sababu za kiutawala haziwezi kukosa, gharama, muda wa televisheni, lakini kwangu mimi ni kosa. Umemtoa mtoto kwenye mbio ya kukanyaga tu halafu unamkabidhi mizunguko 54 ya mbio kubwa kuliko zote nchini kwao. Irudishwe tu.

SWALI: Niaje mhariri. Mimi ni wa Nakuru, tumelelewa na Safari Rally, vumbi, matope, ng'ombe barabarani. Hawa wa kuzunguka kwa lami kama punda wa kusaga simsim, hiyo unaita ustahimilivu kweli?

JIBU: Poa sana bro, na heshima kwa Safari iko pale pale. Ila punda wa kusaga hazunguki mlimani. Mount Panorama ni barabara ya kawaida ya umma, iko tangu 1938, kuna watu wana nyumba zao pembeni, siku zisizo za mbio unaweza kwenda na gari yako ya kukodi ukazunguka kwa kilomita 60 kwa saa, polisi wapo. Siku ya mbio barabara hiyo hiyo inapandwa na kushukwa na tofauti ya mita 174 kutoka chini mpaka juu. Juu kule ni kona zimebanana ukuta huku ukuta huku, hakuna pa kukosea, halafu unateremka unaingia Conrod, mstari mrefu wa kushuka, kilomita karibu 300 kwa saa. Mwaka 1986 dereva Mike Burgmann alifia kwenye huo mstari, na mwaka uliofuata ikawekwa kona ya kuvunja mwendo inaitwa The Chase. Na wanyama wapo, ila badala ya ng'ombe ni kangaruu.

Hata mawe yapo. 1980 Dick Johnson, fundi wa kawaida tu aliyeweka kila alichonacho kwenye Falcon yake, alikuwa anaongoza, akakuta jiwe kubwa katikati ya barabara na upande wa pili kuna gari la kuvuta, hakuna pa kupita, akaligonga, gari likaisha. Akahojiwa kwenye televisheni nusura alie. Simu zikaanza kupigwa watu wanataka kuchanga, kampuni ya Ford ikasema tutaongeza kiasi kile kile mtakachochanga. Hiyo ni harambee ya kwenu kabisa. 1981 akarudi na gari jipya akashinda.

Halafu kuna uzi unaounganisha mlima huo na nyinyi moja kwa moja. 1966 washindi wa Bathurst walikuwa Bob Holden na Mfini anaitwa Rauno Aaltonen, kwa Mini Cooper S, na mwaka huo Mini zilichukua nafasi ya kwanza mpaka ya tisa zote. Aaltonen huyo huyo ndio yule wazee wenu wa Nakuru wanamkumbuka, alikuja Safari miaka na miaka, akamaliza wa pili mara kadhaa, ushindi akaukosa mpaka akaondoka. Kwa hiyo kuna mtu amejaribu vyote viwili, na kilichomshinda ni cha kwenu. Furahi.

SWALI: Eti Skyline ilifukuzwa Bathurst kwa sababu ilikuwa inashinda sana? Nina ubishi hapa Kiembesamaki na kuna soda za watu kumi.

JIBU: Soda mgawane. Nissan Skyline GT-R ya Jim Richards na Mark Skaife ilishinda 1991 na 1992, ina taabini mbili na inavuta tairi nne, wale wa Ford na Holden wakawa wanaiona kama jini, ndio wakaiita Godzilla. Ile ya 1992 ilikuwa siku mbaya. Mvua ya kufa mtu, magari yanateleza yanarundikana kwenye ukuta, mbio zikasimamishwa, na Skyline yenyewe ilikuwa imeshagonga imevunjika, lakini hesabu zikarudishwa nyuma kwa mizunguko iliyokamilika, ikaonekana wao ndio wa kwanza. Watu chini ya jukwaa wakazomea, Richards, mzee mpole siku zote, akachukua maiki akawatukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu mama yangu anasoma. Alichokuwa amebeba moyoni ni kwamba mchana ule ule rafiki yake Denny Hulme, bingwa wa dunia wa Formula 1 wa 1967, alikuwa amefariki kwa moyo akiwa ndani ya gari lake kwenye mbio hizo hizo.

1993 kanuni zikabadilika, ligi ikawa ya V8 za lita tano, Skyline ikakosa pa kuingia. Aliyesema "ilifukuzwa" kwa barua ya kufukuzwa amekosea, aliyesema sheria mpya haikuiachia mlango amepata.

SWALI: Kaka habari za kazi. Binti yangu ana miaka 13, akiona mbio za magari hali chakula. Baba yake anasema huo ni mchezo wa wanaume. Huko Australia wasichana wapo, na wanaanzia wapi?

JIBU: Salama dada, mpe binti chakula kwanza. Wapo. Simona de Silvestro, Mswisi, alikimbia ligi kuu msimu mzima kuanzia 2017 mpaka 2019, na kabla ya hapo, 2015, yeye na Renee Gracie walipewa gari lao kwenye Bathurst 1000 wakaligonga, likatengenezwa, wakarudi barabarani wakafika mwisho. Gracie wakati huo alikuwa anakimbia ile ligi ya vijana.

Wanaanzia go-kati, wengi wakiwa wadogo kuliko wa kwako, halafu magari madogo, halafu Super3 ambayo ni ligi ya tatu, halafu Super2, halafu kile kiti cha pili tulichokizungumza hapo juu. Mfuatilie kijana anaitwa Broc Feeney umuonyeshe ngazi ilivyo: bingwa wa Super3 2019, mwaka 2020 akakaa kiti cha pili cha James Courtney Bathurst akiwa ndio kwanza anatimiza miaka 18, 2021 bingwa wa Super2, 2022 akapewa gari la Whincup aliyestaafu na mataji yake saba. Miaka mitatu tu hiyo. Na baba yake mwambie gari halijui nani ameshika usukani.

SWALI: Inaonyeshwa saa ngapi kwa saa za kwetu?

JIBU: Kwa kawaida inaanza saa tano na robo asubuhi ya kule, Jumapili, na mwezi wa kumi wenzetu wanakuwa wameshasogeza saa zao mbele, wanatuzidi saa nane. Kwa hiyo kwetu ni saa tisa na robo usiku wa kuamkia Jumapili. Mimi mwaka jana niliweka alamu, nikaamka, nikaangalia mizunguko kama thelathini, bando likakata, nikalala, nimekuja kushtuka saa tatu kasoro jua limetoka, nikanunua jingine na wao walikuwa bado wanakimbia.